Duka Dogo Halimfanyi Mtu Mbunifu

Huku kwetu imani hii imeota mizizi: aliyeajiriwa na kampuni kubwa na kongwe hulala akingoja mwisho wa mwezi; wanaofikiri wako kwenye biashara changa. Ushahidi unaotolewa ni kampuni ya sukari ya SONY ya Awendo, iliyoanza kusaga miwa 1979, ambayo wakulima wake wamewahi kungoja malipo miezi na miezi. Haya. Lakini hilo linatuambia nini kuhusu karani wa pale, ikiwa maamuzi makubwa yalikuwa yakifanywa Nairobi?

Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, haikubuniwa na vijana waliokodi chumba. Wazo lilitoka kwa Nick Hughes, mwajiriwa wa Vodafone, kampuni kubwa kupindukia. Yeye na Susie Lonie walianza majaribio 2005, pamoja na Faulu Kenya, ili wakopaji walipe mikopo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana hela, na mpango ukageuzwa kuwafuata. Majaribio hayo yalichangiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Yangebuma, mshahara wa Hughes ungeingia vilevile.

Sasa mtazame msichana anayehudumu kwenye kibanda cha M-Pesa hapa Asumbi. Biashara ina mwaka mmoja na mwajiriwa mmoja. Anajua siku ya soko floti, yaani fedha za kuhudumia wateja, huisha kabla ya jioni. Anajua wanafunzi wa chuo cha ualimu huulizia kalamu na karatasi kila uchao, na kibandani hazipo. Hawezi kuagiza hata pakiti moja mpaka ampigie mwenye kibanda, aliye Rongo na simu imezimwa. Hesabu ikipungua shilingi mia mbili, zinakatwa kwenye mshahara wake. Athubutu nini?

Mjasiriamali yuko, ila ni yule wa Rongo. Tunamwona tajiri akihangaika, tunadhani na mtumishi wake ana uhuru huohuo.

Uchanga nao si dawa. Benki ya Equity ilianzishwa 1984, na kufikia 1993, ikiwa bado ndogo, ilikuwa imefilisika kivitabu.

Kwa hiyo waajiri wanaolalamika kwamba vijana hawajiongezi, nawapa mtihani mdogo. Mwachieni huyo msichana shilingi elfu mbili kila mwezi aagize anachoona kitauzika, na visipouzika msimkate hata ndururu.