Mzee wetu hana kiburi, mwacheni atumike

Miaka 22 kamponi nzima ilimwita mwenye kiburi. Baba yetu alikuwa fundi wa umeme ku mgodi, hapa Kolwezi. Alipita asubuhi bila kusalimia watu, alikula peke yake, na kapita akimsemesha, yeye anaangalia chini. Moteri ikiungua, wote wanamkimbilia. Ikiisha kutengenezwa, wanamcheka. Mwisho wakamtosha ku kazi. Kapita alimwambia: « Uko fundi ya kweli, lakini hauko muntu ya ekipi. » Alikuwa na miaka 54.

Siye watoto wake pamoja na mama njo tunaandika. Yeye mwenyewe amesoma kila neno na amekubali.

Jibu lilikuja kupitia mjukuu. Mtoto alifika miaka 4 bila kusema, tukampeleka kwa munganga wa mambo ya akili. Munganga akauliza juu ya jamaa. Tukaanza kumweleza baba: makelele yanamuumiza, nguo ya kitambaa kigumu hawezi kuvaa, anakumbuka namba ya kila moteri aliyoshika. Munganga akalomba kumwona naye. Baada ya kukutana mara nyingi akatuambia: babu na mjukuu, wote wawili wako na otisimu, ile wenzetu wa Tanzania wanaita usonji.

Watu walituuliza: kwa umri huu, hilo jina litamsaidia nini? Tunajibu. Otisimu haiambukizi, wala haiko bulozi. Ni namna ubongo wa mtu ulivyo toka utoto, na mara nyingi inapita ndani ya ukoo. Wengine walisema tumpeleke wakamfukuze pepo. Siye tunasali kila siku, lakini mtu hafukuziwi namna alivyoumbwa. Na kuna jambo moja kubwa: miaka yote ile mama alifikiri bwana wake hamupendi. Siku ile alipotoka kwa munganga, alilia njia nzima, halafu akampikia bukari na samaki, akamwacha ale peke yake bila kukasirika.

Lakini jina halileti unga nyumbani. Baba alijaribu kulomba kazi kwa kompani zingine. Kila mahali wanaanza na maswali, watu watatu wanamkazia macho, naye anakaa kimya. Njo tukaamua afungue atelye yake ku nyumba: kufunga upya waya za moteri za pompi, za grupu na za mashini za kusaga mahindi.

Miezi mitatu ya kwanza kidogo atelye ife. Kazi ilikuwa safi, lakini makuta hakuna. Kila mtu anachukua kwa deni, na baba hawezi kudai. Tukabadilisha mpango. Dada yetu njo anapokea watu na kupanga bei. Kila kazi inaandikwa ku kaye: shida gani, siku gani mwenyewe atakuja kuchukua. Nusu ya bei inalipwa mbele, hata kama uko shemeji. Hakuna kumuita-muita kwa telefone, andika ujumbe. Baba anabaki nyuma, mlango umefungwa, anahesabu mizunguko ya waya. Leo atelye inalisha nyumba yetu na ya mjukuu.

Huo njo msaada tunaosema. Hauko huruma. Ni kumtengea mtu kazi anayoweza na kumwondolea ile inayomvunja. Ku Marekani, Donald Triplett, mtoto wa kwanza kati ya wale 11 ambao daktari Leo Kanner aliandika juu yao mwaka 1943, alitumika ku banki ya mji wake mdogo miaka mingi. Watu wa pale walimjua, wakamwachia nafasi.

Kwa hiyo tunalomba mambo matatu. Makapita na maofisi ya watumishi: mbele ya kufukuza fundi « mwenye kiburi », mpeni maagizo kwa maandishi na mahali penye utulivu, muone. Kompani zenye moteri za kutengeneza: pimeni kazi, musipime salamu. Na wakubwa wa provinsi: sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, pamoja na haki ya kazi. Isibaki tu ya yule tunayemwona na magongo. Congo iko pia ndani ya OHADA toka 2012, na ile sheria inamjua fundi mdogo anayejitumikia. Inamwita « entreprenant ». Anatangaza kazi yake tu, bila kujiandikisha kama kompani kubwa. Mfundisheni mtu njia ile kwa upole, kwa karatasi, pasipo kumtembeza ofisi kumi.

Nanyi jamaa za wachimbaji, kama muko na mzee wa namna hii nyumbani, musimcheke. Mumpeleke kwa munganga, halafu mumuulize mikono yake inajua nini. Musimfiche. Siye tulichelewa miaka 54.