Eti "Tumeiboresha": Neno Linalouza Chai ya Watu, na Chuga Inalijua Vizuri

Kuna klipu haizeeki mtandaoni. Wajasiriamali wawili kutoka Quebec, Kanada, wapo mbele ya matajiri wa kipindi cha Dragons' Den, Oktoba 2024. Wanataka dola milioni moja, wao watoe asilimia 18 ya kampuni. Mzigo wenyewe? Bubble tea ya kwenye kopo.

Kwa wadau ambao hawajakutana nayo, ni ile chai yenye vigololi laini vinavyovutwa kwa mrija mnene. Asili yake Taiwan, miaka ya 1980. Na vigololi vyenyewe ni wanga wa muhogo. Ndiyo, muhogo huu huu.

Hadi hapo hakuna kesi. Kesi ni maneno ya kuuzia. Jamaa wakaanza kwa kusema kinywaji hicho kinapendwa ila mtu hana uhakika anakunywa nini, kwa hiyo wao wameleta cha kwao, viungo vichache, afya zaidi. Simu Liu, mwigizaji wa Shang-Chi, mzaliwa wa China aliyekulia Kanada, siku hiyo alikuwa mwekezaji mgeni. Akalikagua kopo akitafuta sehemu inayosema kinywaji kimetoka wapi. Hola. Alipohoji, akaambiwa siku hizi hicho si kinywaji cha watu fulani tena. Halafu hao hao wakasema mshirika wao mkubwa yuko Taiwan na ndiye anayewatengenezea mapishi!

Liu akagoma kutoa hela. Mwekezaji aliyekuwa amekubali akajitoa baadaye, na wenye kampuni wakaomba radhi. Wengine mtandaoni wakavuka mpaka hadi kuwatishia, Liu mwenyewe akakemea. Na alikuwa sahihi. Vitisho si hoja.

Sasa, kila klipu ikirudi, kuna mdau wa Bongo anaibuka na hoja yake: "Biashara ni biashara, mbona na sisi tunauza pizza?"

Hoja yake ina uzito, tusiiruke. Kuuza kitu cha watu si dhambi. Ingekuwa dhambi, mama anayechemsha chai saa kumi na moja alfajiri pale Kilombero angekuwa wa kwanza motoni. Jani la chai asili yake ni China. Hata neno lenyewe, chai, lilitoka kwa Wachina na "cha" yao, likapita Uajemi na India hadi likafika huku. Miche ya kwanza Tanganyika Wajerumani waliipanda Amani, kule Usambara, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mama wa Kilombero ameongeza tangawizi, iliki na maziwa, na anauza.

Lakini hajawahi kumwambia mteja kwamba chai ya Mchina haieleweki, aje anywe hii iliyostaarabika. Alichukua, akaweka mkono wake, akauza, na jina akaliacha lilivyo. Hiyo ndiyo tofauti. Mmoja anaazima na kushukuru. Mwingine anaazima, anamponda mwenye kitu, kisha anamuuzia dunia akijiita mkombozi wa kitu hicho.

Kama kuna watu wasiotakiwa kuona hili ni jambo dogo, ni watu wanaoamka wakiutazama Mlima Meru.

Wadogo zetu wengi wanaijua Engare Nanyuki kama njia ya kupita tu. Mwaka 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao pale. Nyumba zikachomwa. Sababu iliyotolewa haikuwa kwamba ardhi ni mbaya. Ilikuwa kwamba walowezi wa Kizungu wangeitumia vizuri zaidi, wafuge kisasa. Kuboresha, kwa lugha ya leo. Kirilo Japhet akafunga safari hadi New York mwaka 1952, akaieleza kesi ya Wameru Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla Nyerere hajasimama huko.

Ni kweli, kopo la chai si nyumba iliyochomwa, na hakuna anayelinganisha maumivu. Kinachofanana ni sentensi: "Nyie mnacho, ila sisi ndio tunajua kukitumia." Sentensi hiyo ikizoeleka kwenye chai, haishindwi kuhamia kwenye vitu vikubwa.

Na haijatoka. Kampuni ya Uswisi ilitoa viatu vya soli ya mviringo ikaviita Masai Barefoot Technology, jozi moja ikavuka dola 200. Mmasai aliyeazimwa jina yuko Ngaramtoni, amevaa katambuga za tairi, na mjini watu wanamcheka kwa hizo hizo katambuga.

Kuna watakaosema serikali imeshamaliza. Kweli, amri ya Julai 2025 iliwazuia wageni kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kuongoza watalii, maduka ya vinyago na kununua mazao shambani. Kwa Arusha hiyo ni ngao. Ila ngao hiyo inalinda meza ya biashara tu. Haimzuii mtu aliyeko Montréal au Zurich kuchukua jina, sura na hadithi ya mtu wa huku akaiuza bila kumtaja. Hadithi inalindwa na mwenyewe, na mwenyewe akiionea aibu, basi imeshauzwa.

Hapo ndipo povu liwageukie wa mjini. Nani anatumia neno "kienyeji" kama tusi? Nani anapiga picha na kikombe cha kahawa ya bei mbaya, halafu hajui kwamba kahawa inalimwa Tengeru, mwendo wa daladala moja tu? Nani anauza chai ya Kichina ya kupunguza tumbo mtandaoni kwa kuanza kuponda loshoro na mtori wa bibi yake? Huyo hana tofauti na wale wa kwenye klipu, ila yeye anaiponda ya nyumbani kwao bure, hata asilimia 18 hajaahidiwa.

Mfano wa kufuata upo mlimani hapo hapo. Mulala, Ng'iresi na Tengeru wenyeji wanapokea wageni wenyewe na kuwaeleza maisha yao kwa mdomo wao. Mgeni anaondoka akijua jina la kijiji. Kijana anayefungasha kahawa au asali afanye hivyo hivyo: aandike Meru kwenye lebo, herufi kubwa. Akiuza kitu cha watu wengine, aandike kimetoka kwa nani. Wino wake haufiki bei ya kikombe cha chai ya rangi.

Mgeni anayependa chai ya watu akaribishwe, auze, atajirike. Akianza tu na "tumeiboresha", aulizwe swali moja: kwani kabla hujaja, watu walikuwa wanakunywa nini?

Haya wadau, povu ruksa.