TAWAKKUL BILA JAKETI

Vijana wa Kolandoto wanachangishana wapande boti Mwanza siku ya Idi, waende Saanane kuona majabali na fukwe. Kutembea si haramu, nendeni.

Ugomvi wangu ni na anayekataa jaketi okozi akisema, "Sheikh, mimi nina tawakkul." Tawakkul gani hiyo? Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Au wewe imani yako imempita swahaba?

MV Nyerere ilikuwa ya watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 ilizidisha abiria, ikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Ziwa ni hilo hilo.

Boti ikijaa, shukeni, hata nauli isiporudi. Na wewe kiongozi wa safari, majaketi umeshayahesabu?