Usiku Kwenda, Mchana Kurudi



Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa kwetu alifika nyumbani kwangu jioni, telefone mkononi. Binti yake anaishi Hamburg, mji mkubwa wa Ujerumani upande wa kaskazini, na anajifunza huko kazi ya kuuguza wagonjwa. Yaya yake, mtoto wa kwanza wa mama huyo, anaishi Wien, mji mkuu wa Austria. Hawa wawili hawajaonana uso kwa uso tangu miaka nane. Hata baba yao alipokufa, kila mmoja alilia peke yake katika mji wake. Sasa binti amepata siku mbili za kupumzika, siku ya posho na siku ya Mungu, naye amesema: «Nitapanda treni ya usiku.»

Mama akaniambia: «Pasta, umukataze. Treni ya busiku? Weye mwenyewe unajua za kwetu.»

Ndiyo, ninazijua. Mwezi wa tatu 2022, katika jimbo letu la Lualaba, treni ya mizigo iliyobeba watu ilitoka kwenye reli, na watu zaidi ya 60 walikufa. Mama aliyesikia habari ile hawezi kulala vizuri mtoto wake akiwa njiani. Kwa hiyo sikumcheka. Nilimwambia tu: «Mama, kule watu hawakai juu ya mizigo. Kila mtu ana nafasi yake yenye namba. Tumuite mtoto, tuhesabu pamoja.»

Tukamuita. Ninaandika hapa mambo tuliyohesabu, maana najua jamaa nyingi katika miji yetu ya migodi wako na watoto Ulaya, na shauri hili litawafikia siku moja.

Jambo la kwanza ni karatasi. Kutoka Ujerumani kuingia Austria ni kuvuka mpaka, hata kama umelala. Mwenye kibali cha kukaa cha Ujerumani, pamoja na pasipoti ambayo haijaisha, anaweza kutembelea Austria bila kuomba viza, mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Lakini kijana ambaye angali anangoja jibu la ukimbizi, karatasi yake haimpi ruhusa ile. Na tangu 2015 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria; polisi anaweza kuingia ndani ya treni na kuomba karatasi. Vijana, msidanganyane katika jambo hili. Safari ya kufurahisha yaya isigeuke safari ya kuhuzunisha mama. Binti yetu alikuwa na vyote viwili. Tukaendelea.

Jambo la pili ni urefu wa usiku. Watu wengine wanafikiri safari fupi ndiyo nzuri kwa treni ya usiku. Sivyo. Kutoka München mpaka Wien ni masaa kama manne tu mchana. Ukiipita usiku, utaamshwa kabla usingizi haujashika. Lakini kutoka Hamburg mpaka Wien ni masaa kama kumi na mbili usiku. Unapanda jioni kazi ikiisha, unafika asubuhi watu wakifungua maduka. Huo ni usiku unaotosha mwili wa mtu.

Mambo haya yalikaribia kufa. Shirika la reli la Ujerumani liliacha treni zake za kulala mwezi wa kumi na mbili 2016. Ndipo shirika la reli la Austria likachukua sehemu ya njia zile, likaziita Nightjet. Tangu mwisho wa 2023 njia ya Hamburg na Wien imepata wagoni mpya.

Jambo la tatu ni mahali pa kulala. Binti alitaka kiti, kwa sababu ni feza kidogo. Nilimuuliza: «Umeisha kulala usiku mzima kwenye kiti?» Akasema hapana. Kwenye kiti utafika, lakini shingo na miguu vitakukumbusha siku nzima. Kuna kusheti, vitanda vya kupangwa juu na chini katika chumba kimoja, na mlango unafungwa kwa ndani. Katika wagoni mpya kuna pia vijumba vidogo vya mtu mmoja mmoja, vizuri kwa msichana anayesafiri peke yake. Tena kuna vyumba vya kulala kabisa, lakini hivyo ni vya feza nyingi. Katika kusheti, mkate na kahawa ya asubuhi viko ndani ya bei. Na bei yenyewe si moja: anayenunua mapema analipa kidogo, anayengoja siku ya mwisho analipa zaidi. Ile tikiti ya mwezi ambayo vijana wanapandia treni za karibu Ujerumani nzima, haifai katika treni hii.

Jambo la nne linajulikana na watu wa reli yetu. Kamina njia zinaachana: moja inakwenda Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Vile vile treni ya Hamburg inakatwa usiku pale Nürnberg: wagoni zingine zinakwenda Wien, zingine Innsbruck, kule kwenye milima. Atakayelala katika wagoni si yake ataamka penye mji si wake. Kwa hiyo soma namba ya wagoni kwenye tikiti, kisha ukae penye namba ile.

Ikabaki kurudi. Binti alikuwa amepanga kurudi kwa treni ya usiku wa siku ya Mungu. Nikamuuliza kazi inaanza saa ngapi siku ya kwanza. «Saa 6 ya asubuhi, Pasta.» Basi treni ingefika wakati wagonjwa wake wamekwisha kumngoja kwa masaa. Nikasema: «Rudi usiku wa posho.» Akanyamaza. Nikaelewa: miaka nane ya kungoja, kisha mchana mmoja tu, usiku mbili njiani. Hesabu yangu ilikuwa sawa, lakini ilikuwa hesabu ya treni, si ya ndugu.

Mama, aliyekuwa amenyamaza wakati wote, akasogelea telefone. «Sasa mbona asilale kwa yaya yake? Yaya haiko na nyumba?»

Yaya ana chumba kimoja. Lakini mtoto wa kwetu amekosa lini kulala juu ya mukeka? Tukahesabu upya. Kupanda siku ya tano jioni, katika kusheti. Siku ya posho yote pamoja, na usiku wake. Siku ya Mungu asubuhi kurudi kwa treni ya mchana, masaa kama tisa au kumi ya kukaa, na kubadili treni njiani. Jioni yuko kitandani kwake, na saa 6 yuko kwa wagonjwa. Feza aliyokuwa amepanga kwa usiku wa pili itasaidia kulipa ile kusheti ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimejifunza habari zote za treni, na mama ambaye hajaiona ndiye aliyejua safari ilikuwa ya nini.

Alipoinuka kwenda, hakunena tena juu ya kukataza. Alisema tu: «Umuambie achukue kitanda, si kiti. Na akifika, banipigie bote wawili.»

Siku ya posho asubuhi telefone yake ililia. Alisikia sauti mbili zikisema kwa wakati mmoja, hakuelewa hata neno, naye hakuomba warudilie.