Kujifunza lugha kwa video na tusiowajua: neno "haramu" peke yake halitoshi

 

Miaka miwili iliyopita, baada ya darsa ya alasiri, alinijia msichana mmoja pamoja na mama yake. Alikuwa amemaliza skuli, anajifunza Kitaliano, na alitaka kazi ya mapokezi katika hoteli za Kiwengwa. Aliniuliza: je, inajuzu kufanya mazoezi ya lugha kwa kuzungumza kwa video na watu wa nje asiowajua? Nilikuwa na haraka. Nilimjibu neno moja tu: haramu. Wakashukuru, wakaondoka.

Mwaka huu mama alirudi peke yake. Binti hakuacha kuzungumza; alichoacha ni kuuliza. Aliendelea usiku, chumbani, mlango umefungwa. Mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mwalimu alimzoea, akamrikodi akiwa hana mtandio, kisha akamdai fedha, la sivyo picha zingepelekwa kwa jamaa zake. Binti alikopa akalipa mara mbili kabla ya kumwambia mama yake. Nayaeleza haya kwa idhini yao, kwa sababu sehemu ya kosa ni langu. Jibu langu lilifunga mlango mmoja, wala halikuonyesha mwingine.

Ndugu zangu katika imani, haja ya vijana wetu ni ya kweli. Uchumi wa Zanzibar umeegemea utalii. Kiwengwa, Nungwi na Paje, mwenye Kitaliano, Kifaransa au Kijerumani hupata nafasi ambayo mwenzake haipati. Kitabu kinafundisha sarufi, lakini ulimi hufunguka kwa kusema na kujibiwa. Mafunzo ya lugha yapo katika Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA), ambamo iliingizwa TAKILUKI ya zamani. Lakini si kila kijana wa shamba ana ada na nauli ya kufika huko. Simu anayo.

Na dini yetu haigombani na lugha. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Allah (S.W.) ameifanya tofauti ya lugha zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Tirmidhi na Abu Daud wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimuamrisha Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu katika muda wa nusu mwezi. Basi anayesema Kitaliano si chetu, huyo hana hoja.

Kinachodhuru ni kitu gani, basi? Tuangalie mfano unaojulikana na ulimwengu mzima. Omegle ilianzishwa Marekani mwaka 2009 na kijana wa miaka 18. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu wawili wasiojuana, bila ya jina wala kitambulisho. Wengi waliingia kwa nia njema, wakiwemo wanaojifunza lugha. Lakini msichana mmoja wa miaka 11 alikutanishwa humo na mtu mzima aliyemdhulumu kwa miaka. Alipokua alifungua kesi. Mwaka 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Oregon aliiruhusu kesi iendelee, kwa kuwa madai yalihusu namna mtambo wenyewe ulivyotengenezwa, si maneno ya watumiaji tu. Novemba 2023 Omegle ilifungwa. Mingine ya aina yake ipo hadi leo.

Hapo pana mazingatio kwa sisi watu wa fiqhi. Madhara yalitokana na hali tatu kukutana: mtu asiyejulikana, faragha isiyo na shahidi, na mazungumzo yasiyo na mada wala mwisho. Lugha na video havikuwa na kosa peke yake. Wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana iwapo maongezi ya video ya mwanamme na mwanamke asiye maharimu wake ni khalwa kwa maana yake kamili, maana miili haiko pahala pamoja. Lakini sababu iliyofanya khalwa ikatazwe, nayo ni fitna isiyo na wa kuizuia, ipo. Kuziba njia inayoelekea kwenye madhara ni msingi unaojulikana katika sheria yetu. Na Surat An-Nur, aya ya 30 na 31, imeanza kwa kuwaamrisha wanaume wainamishe macho kabla ya kuwageukia wanawake. Kwa hiyo tusiligeuze jambo hili kuwa la mabinti peke yao. Wavulana nao wanategwa, na wengi wao huona haya zaidi kusema.

Mtu ataniuliza: "Sheikh, si huko hotelini atazungumza na wanaume wa kigeni?" Ndiyo. Na kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Shafi ni kwamba sauti ya mwanamke si uchi, maadamu hailegezwi kwa namna inayoamsha tamaa. Lakini meza ya mapokezi iko wazi, wenzake wapo, mavazi ni ya heshima, mgeni ana jina na pasi, na shughuli ikimalizika kila mtu hushika njia yake. Basi kipimo ninachokipendekeza ndicho hicho. Mazungumzo ambayo yangefaa mbele ya meza ya mapokezi, yanafaa mbele ya kamera. Yasiyofaa pale, hayafai chumbani.

Kwa kipimo hicho, mitambo inayokutanisha watu kwa bahati nasibu naona haijuzu kuifanya darsa. Ama kubadilishana lugha na mtu anayejulikana, wa jinsia moja na wewe, au kusoma kwa mwalimu anayejulikana, sioni kizuizi kwa masharti haya: iwe sebuleni au pahala penye watu, mada na muda vipangwe kabla, na isitolewe picha, anwani wala fedha. Kwa walio chini ya miaka 18, mzazi awepo.

Nasi wakubwa tuna wajibu. Madrasa nyingi huwa tupu baada ya isha. Chumba kimoja, simu moja kubwa na msimamizi mmoja vinatosha kwa vijana kuzungumza kwa zamu. Tunao pia jamaa zetu walioko Ulaya, watoto wao wanasema Kijerumani na Kifaransa lakini Kiswahili kinawapotea. Wakutanishwe na wenzao wa huku, kila upande unufaike.

Ama aliyekwisha kutegwa, namwambia: usilipe, kwani anayelipwa hurudi kudai. Usifute ujumbe wowote, huo ni ushahidi. Mwambie mzazi au mtu mzima unayemuamini, kisha mwende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Nawe mzazi, siku mwanao atakapokuja na habari hiyo, mpe kwanza pa kukaa na maji ya kunywa. Kumsitiri Muislamu ni amali kubwa, na mwanao ana haki zaidi ya kusitiriwa na wewe.

Yule binti sasa anasoma mchana sebuleni kwao, pamoja na mwalimu wa kike, na mama yake yupo karibu. Safari hii alipokuja na suala nilikaa kitako, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Wallahu aalam.