Tanzania Haijawahi Kukaa Pembeni

Hakuna sifa tunayojipa Watanzania kwa wepesi kama ya kisiwa cha amani. Husemwa majukwaani, hurudiwa makanisani na misikitini, na nyuma yake hufuata imani nyingine: kwamba nchi hii, kwa desturi, haijiingizi katika vita vya watu. Jeshi letu, tunaambiana, ni la kulinda mipaka na kuokoa watu wakati wa mafuriko. Imani hiyo si ya kweli, na inatugharimu.

Tazama rekodi. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, tungeweza kumrudisha mpakani tukaishia hapo. Hatukuishia hapo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na baadhi ya wapiganaji wetu walibaki Uganda hadi 1981. Miaka michache baadaye Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilikuwa Msumbiji likipambana na waasi wa Renamo. Machi 2008 ilitua Anjouan, Komoro. Mwaka 2013 ilikuwa mashariki ya Kongo ikiwapiga waasi wa M23. Kenya, yenye uchumi mkubwa kuliko wetu, ilingoja hadi Oktoba 2011 ndipo ikavusha jeshi lake kuingia Somalia.

Mwenendo huu hautokani na utajiri wala ubabe. Umetokana na kile ambacho wataalamu hukiita utamaduni wa kimkakati, yaani kumbukumbu na mazoea yanayomwambia mtawala, hata kabla hajafungua ramani, lipi ni tishio na lipi ni aibu. Kumbukumbu yetu kubwa ni ya Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa wanajeshi wa Uingereza, dola ambayo bendera yake tuliishusha miaka miwili tu kabla. Lile jeshi lililoasi likavunjwa. JWTZ ilipozaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, vijana wake walitoka TANU. Jina lenyewe lilitangaza kuwa ni la wananchi, na siasa ilifundishwa kambini sambamba na kwata.

Hapo ndipo ilipokomaa imani kwamba uhuru wa jirani ni sehemu ya ulinzi wetu. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya utawala wa walowezi wa Rhodesia, tukakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Nachingwea iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji, Frelimo, kambi, na vijiji vya kando ya Ruvuma vikalipa kwa mabomu ya Wareno. Watu wa kule wanajua kwamba hatukuwa kisiwa.

Wapo watakaosema hayo yalikuwa ya Nyerere peke yake, na yamezikwa naye Butiama. Basi waeleze Anjouan. Kanali Mohamed Bacar alipong'ang'ania madaraka kisiwani humo, Afrika Kusini ilitaka mazungumzo yaendelee. Serikali ya Kikwete ilipeleka askari bega kwa bega na Wasudani. Nyerere alikuwa amekwisha kufariki zaidi ya miaka minane kabla, lakini hoja ilikuwa ileile iliyompeleka Kampala: mwenye bunduki asiachiwe kuvunja nchi ya Kiafrika. Desturi hii hata hivyo huchagua. Inaelekea zaidi kusini na magharibi, na siku hizi hupenda kwenda chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, SADC au Umoja wa Mataifa. Kwa mwelekeo huo wa kusini na magharibi, Uganda na Burundi zilipopeleka vikosi Mogadishu, sisi hatukupeleka chetu.

Gharama ya kujidanganya ni nini? Tarehe 7 Desemba 2017 waasi waliishambulia kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, na kuwaua walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14. Majeneza yalipofika Dar es Salaam, wengi walishangaa: kwani tulikuwa vitani? Ndiyo, tulikuwa vitani, na tulikuwa tumeingia kwa hiari. Taifa linalojiona halipigani haliulizi vijana wake wametumwa kufanya nini, kwa muda gani, na watarudi lini. Linawakumbuka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kana kwamba wote walianguka zamani.

Ibara ya 44 ya Katiba inataka Bunge likutane ndani ya siku 14 Rais anapotangaza hali ya vita. Kupeleka kikosi Kongo au Anjouan hakuhesabiwi kuwa ni kutangaza vita, kwa hiyo mlango huo haufunguliwi. Nataka ufunguliwe. Waziri wa Ulinzi asimame Dodoma kabla ndege haijaruka, aseme adui ni nani, amri ya kikosi ni ya nani na ni jambo gani likitimia askari watarudi nyumbani. Kisha wabunge wapige kura kwa majina yao.