Safu ya Afya: Vitamini D na Jua Tuliloliacha Nyuma



Tunawashukuru wasomaji wetu waliotuandikia. Barua kadhaa zimeuliza jambo moja: je, hivi vidonge vya vitamini vilivyojaa kwenye rafu za maduka ya Uingereza vina faida, au ni fedha zinazotupwa? Jibu letu ni kwamba mtu mzima mwenye afya, anayekula nafaka, kunde, mboga, matunda, samaki na maziwa kwa kadiri, hana haja na vingi kati ya hivyo. Lakini iko vitamini moja ambayo hukumu yake kwetu sisi tunaoishi nchi hii ni nyingine kabisa, nayo ni vitamini D. Tumeona ni wajibu kuieleza kwa kirefu, kwa sababu sisi wenyewe tuliifanyia mzaha, na nusura mzaha huo utugharimu mjukuu.

Mama wa mtoto ametupa idhini tuyaandike haya. Mjukuu wetu alizaliwa hapa mwezi wa Septemba, mzima na mwenye uzito mzuri. Muuguzi anayezungukia nyumba zenye watoto wachanga alimwambia mama yake kwamba mtoto anayenyonya apewe matone ya vitamini D kila siku. Mkwe wetu, kwa adabu aliyolelewa nayo, alikuja kutuuliza kwanza. Tulimjibu kwa kujiamini kwamba maziwa ya mama yanatosha, kwamba sisi tulikuzwa Unguja bila matone wala vichupa, na wala hatukupinda miguu. Matone hayakununuliwa.

Siku moja ya mwezi wa Februari, mtoto akiwa na miezi mitano, alikakamaa mikononi mwa mama yake, macho yakageuka juu, mwili ukaanza kutetemeka. Degedege tulilolizoea kwetu huja na homa kali, lakini huyu alikuwa baridi kama maji ya mtungi. Mzee mmoja miongoni mwetu akasema ni dege, akataka aandikiwe kombe. Mama mtu hakusubiri fatwa ya yeyote: alipiga simu 999, gari la wagonjwa likaja. Hospitali walipima damu, wakakuta madini ya kalsiamu yameshuka mno, na vitamini D karibu hakuna. Walimtia kalsiamu kwa njia ya mshipa, wakamwanzishia vitamini D, na mama yake naye akapimwa akaonekana hana. Alhamdulillahi, mtoto sasa ni mzima na anatukimbiza uwanjani. Lakini neno la daktari aliyetueleza sababu lilitukaa moyoni, kwa kuwa sisi ndio tuliofundisha baiolojia kwa miaka mingi, tukiandika ubaoni kwa chokaa kwamba upungufu wa vitamini D huleta matege. Elimu tuliyowapa watoto wa watu hatukuitumia nyumbani.

Kosa letu lilikuwa wapi? Hatukukosea kuhusu Unguja. Tulikosea kuhusu mahali tulipo. Vitamini D si kama vitamini nyingine tunazozipata sahanini. Sehemu yake kubwa mwili huitengeneza wenyewe, pale miale fulani ya jua isiyoonekana kwa macho inapoigusa ngozi. Kazi yake ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula. Vitamini D isipokuwepo, hata mtoto anayeshiba maziwa huwa kama mwenye ghala lililojaa na ufunguo umepotea: mifupa hubaki laini, miguu hupinda, meno huchelewa kuota, na katika hali mbaya hutokea degedege kama tuliloliona, au hata moyo kulegea.

Msomaji anayetaka kuona tofauti ya nchi na nchi kwa macho yake na atazame kivuli chake, jambo ambalo wazee wetu walilijua vyema kwa ajili ya kuhesabu wakati wa Alasiri. Unguja iko kiasi cha digrii 6 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Desemba, wakati wa Adhuhuri, kivuli cha mtu pale hakifiki theluthi ya urefu wake. London iko zaidi ya digrii 51 kaskazini, na saa hiyo hiyo mwishoni mwa Desemba kivuli cha mtu huzidi urefu wake mara tatu na nusu. Jua limeinama mno, na miale yake inapita katika hewa nene kiasi kwamba ile inayohitajiwa na ngozi haifiki chini. Kwa hiyo kuanzia Oktoba mpaka Machi, hata mtu akikaa bustanini kutwa nzima, ngozi yake haitengenezi vitamini D ya kutosha. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni hii: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, jua hilo halikusaidii sana. Na kukaa ndani nyuma ya kioo cha dirisha hakufai kitu hata wakati wa kiangazi, maana kioo huizuia miale hiyo.

Kwetu sisi yako mambo mawili zaidi. Ngozi nyeusi ni rehema katika jua la Ikweta kwa kuwa huikinga miili yetu, lakini kinga hiyo hiyo huifanya ihitaji jua jingi zaidi kutengeneza kiasi kile kile cha vitamini. La pili ni mavazi. Mwanamke anayejisitiri hubakiwa na uso na viganja tu, tena katika nchi ambayo jua lenyewe ni la mgao. Hatusemi haya ili mtu aache stara, na hatujaona daktari aliyetutaka tuiache. Mwenye ua uliozungukwa na ukuta, asikoonekana, anaweza wakati wa kiangazi kukaa huko kwa muda mfupi mikono na miguu ikiwa wazi, bila kuacha ngozi iungue. Lakini wengi wetu tunaishi ghorofani bila ua, na hata mwenye ua hawezi kuutegemea Januari.

Asidhani mtu kwamba maradhi haya yaliletwa na wageni. Matege yaliwahi kuitwa katika nchi nyingine za Ulaya kuwa ni ugonjwa wa Waingereza. Mwaka 1650 daktari Francis Glisson wa London alichapisha kitabu kizima juu yake, na katika karne ya 19, moshi wa viwanda ulipofunika miji, watoto wa maskini waliokaa vichochoroni walipinda miguu kwa wingi. Mwaka 1919 Edward Mellanby alionyesha kwamba mbwa wadogo waliolishwa chakula kama uji wa shayiri, wakafungiwa ndani, walipata matege, na kwamba mafuta ya maini ya samaki yaliwakinga. Mwaka huo huo Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto mjini Berlin kwa taa yenye miale kama ya jua. Njia mbili zisizofanana, moja ya kijiko na moja ya taa, na dawa ikawa moja. Ugonjwa ukapungua sana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Glasgow wakaanza kuuona tena, safari hii katika nyumba za wahamiaji kutoka Pakistan, na mwaka 1981 serikali ya Uingereza iliendesha kampeni ya kuuondoa miongoni mwa jamii za Waasia. Sisi watu wa pwani tulikuja baadaye, tukaukuta unatusubiri.

Wala si ugonjwa wa watoto peke yao. Watu wazima mifupa yao haipindi kwa urahisi, bali huuma. Huuma kiunoni, nyongani, mapajani na mbavuni, na misuli hukosa nguvu. Dalili ambayo akina mama wetu huitaja bila kujua wanachokitaja ni kwamba kuinuka kutoka kwenye sijida kumekuwa kazi, au ngazi zimekuwa ndefu kuliko zamani. Sisi husema ni baridi yabisi, tukachuana kwa mafuta ya karafuu. Kuchua si vibaya, na joto la mkono wa mtu ni faraja, lakini hakutii vitamini mwilini. Mwenye maumivu ya namna hiyo kwa wiki nyingi na aende kwa daktari wake, amweleze kwamba anajisitiri na hapati jua, amwombe apimwe damu. Maumivu hayo yana sababu nyingine nyingi pia, na kipimo ndicho kitakachoamua. Akionekana amepungukiwa, daktari humpa dozi kubwa kwa muda maalumu, ambayo si ya kujipimia mwenyewe nyumbani.

Chakula kinasaidia, lakini kidogo. Samaki wenye mafuta ndio bora: vibua, sadini na samoni, wabichi au wa kopo, na wa kopo bei yake ni nafuu. Kiini cha yai kinayo kiasi. Baadhi ya siagi za mboga na nafaka za asubuhi huongezewa kiwandani, na hilo huandikwa kwenye pakiti. Maziwa ya kawaida ya hapa hayaongezewi kama yanavyoongezewa Marekani, kwa hiyo ndugu zetu wa huko na wa huku wasichukuliane ushauri kwa simu. Ni vigumu sana kuipata ya kutosha kwa chakula peke yake.

Tangu mwaka 2016 ushauri wa idara za afya za Uingereza umekuwa hivi. Kila mtu kuanzia mwaka mmoja anahitaji maikrogramu 10 kwa siku, ambazo ni sawa na 400 kwa kipimo kinachoandikwa IU kwenye chupa. Watu wengi wanashauriwa kumeza kiasi hicho wakati wa vuli na baridi, lakini wenye ngozi nyeusi, wanaofunika mwili na wasiotoka nje wazingatie kumeza mwaka mzima. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao ni maikrogramu 10. Mtoto mchanga anayenyonya apewe matone ya maikrogramu 8.5 mpaka 10 kila siku tangu kuzaliwa. Anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, kwa sababu maziwa hayo yameongezewa tayari. Ziko familia zenye kipato kidogo zinazostahiki kupewa vitamini hizi bure, mama mjamzito na watoto wadogo, basi muulizeni mkunga au muuguzi wenu msione haya.

Dawa ikizidi ni sumu. Vitamini D haitoki kwa mkojo kama vitamini C, bali hujikusanya, na ikizidi huipandisha kalsiamu mpaka ikaharibu figo. Mtu mzima asivuke maikrogramu 100 kwa siku ila kwa amri ya daktari, mtoto wa mwaka mmoja hadi kumi asivuke 50, na mchanga asivuke 25. Mwenye maradhi ya figo au mawe ya figo aulize kwanza. Mjamzito asimeze mafuta ya maini ya samaki wala asile maini, kwa kuwa vitamini A iliyomo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wengi wametuuliza kuhusu uhalali. Kapsuli nyingi laini hutengenezwa kwa jelatini, ambayo huenda ikatoka kwa nguruwe. Zisome lebo, na mkikuta jelatini bila maelezo iacheni, kwani viko vidonge vikavu na matone yasiyo nayo. Vitamini D3 yenyewe aghalabu hutolewa katika mafuta ya sufi ya kondoo. Bei ya zile za kawaida ni ndogo, na iliyo ghali haina nguvu zaidi ikiwa kiasi kilichoandikwa ni kile kile. Mezeni pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Ramadhani imezeni wakati wa kufuturu au wa daku.

Aliyetuuliza kuhusu vitamini C na mafua, tutamjibu mwezi ujao inshaallah, nafasi imetuishia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.